Msimu Mama Mkwe Alipoingia Kwenye Timu Yangu

Niliingia kwenye besiboli kwa sababu alipungua mtu mmoja. Nafanya kazi katika ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo katikati ya Johannesburg, ghorofa ya tatu, juu ya duka la jumla la mablanketi. Bosi wetu aliishi Amerika miaka mingi kabla ya kurudi kwao Afrika Kusini, na huko alijifunza kuupenda mchezo ambao hapa wachache wanaujali. Kila mwaka, mwezi wa tatu, hukusanya watu wanane wa ofisini, yeye akiwamo, wacheze ligi ya kubuni. Mwaka ule dereva mmoja alikuwa ameacha kazi. Wakabaki saba, na ligi ya watu saba haipangiki. Bosi akaja akasimama mbele ya meza yangu, kikombe cha kahawa mkononi.

"Dada, unajua besiboli?"

"Sijui."

"Vizuri. Utafungwa, lakini utakuwa umejaza nafasi."

Ndivyo nilivyopata timu.

Katika ligi ya kubuni hakuna kukimbia wala kutoka jasho. Unachagua wachezaji wa kweli wa ligi ya kulipwa ya Amerika, mmoja wa timu hii, mwingine wa timu ile, unawapanga kwenye orodha yako katika simu, na wanachokifanya kwao uwanjani kinageuka pointi zako. Mtu wako akipiga mpira akafika kituo cha kwanza, unapata kidogo. Akiupiga ukavuka uzio, unapata nyingi. Kila wiki timu yako inapambana na timu ya mwenzako mmoja, na mwisho wa msimu timu nne za juu zinaingia kwenye mtoano. Mshindi hupewa kofia kuukuu ya bosi aiweke juu ya kompyuta yake mwaka mzima. Zawadi ni hiyo tu.

Mwaka wa kwanza nilishika mkia, kama nilivyoahidiwa. Lakini nikanogewa. Mechi nyingi za Amerika huisha kwetu kunapopambazuka, kwa hiyo nilizoea kuamka, kubandika chai, na kusoma yaliyotokea kabla mume wangu hajaamka na kabla binti yetu hajaanza kutafuta soksi zake za shule. Nilikuwa na dakika ishirini zangu peke yangu na watu ambao hawajui kwamba nipo duniani. Nilijua nani anaumwa kiwiko, nani amekwenda likizo kwa sababu mkewe amejifungua, nani hodari akiwa uwanja wa nyumbani na ovyo akiwa ugenini. Mimi ni Mbondei wa Muheza. Mpira nilioucheza shuleni ulikuwa rede, na hapo nilikuwa hodari wa kukwepa. Sasa nilikuwa nawapenda watu ambao kazi yao ni kuusubiri mpira uwajie.

Mwaka wa pili, wiki moja baada ya kuchagua wachezaji wangu, mama mkwe alifika kutoka Lubumbashi. Alikaa siku tatu kwenye basi, akipita Zambia na Zimbabwe, na akashuka na mabegi manne na goti la kulia lililovimba. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani mwenye kibanda mtaa wa Bertrams, ndiye aliyemwita aje kutibiwa. Tulikubaliana atakaa miezi miwili. Tunaishi Troyeville, ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani yenye ngazi za chuma upande wa nje. Ngazi ni kumi na nne, na siku ile kila moja aliilalamikia kivyake.

Mimi na yeye sote tunasema Kiswahili, na hapo ndipo tulipodanganyika tukadhani tutaelewana. Nilimlaki mlangoni: "Shikamoo, Mama." Akanitazama kidogo, akasema, "Eee, bonjour," akapita kwenda kutafuta kiti. Jioni ile nikampikia kisamvu cha nazi, nazi ya kukuna mwenyewe, kama nipikavyo siku za sikukuu. Alionja kijiko kimoja akakiweka chini polepole, kisha akamgeukia mwanawe.

"Hii sombe, banatia mafuta ya nywele?"

Kwao kisamvu ni sombe, na mafuta ya nazi ni ya nywele. Mume wangu aliangua kicheko, na kicheko chake hakikupata mwenzake.

Siwezi kusema alinichukia. Aliniita "muke ya mutoto wangu" hata nilipokuwa nimekaa mbele yake, kana kwamba ananizungumzia kwa jirani. Nami nilimjibu "ndiyo, Mama" kwa kila alichosema, kuhusu unga, kuhusu namna ya kufunga kitambaa cha mtoto kichwani, kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe, kisha nikafanya nilivyoona inafaa. Niliamini hiyo ni adabu. Tuliishi hivyo wiki tano. Mchana alikaa na redio yake na jioni alimsubiri mwanawe arudi ili apate mtu wa kuzungumza naye. Mjukuu wake alikuwa anamwelewa lakini anamjibu kwa Kiingereza, basi hata huko hakupata sana.

Jumapili moja ya mwezi wa tano mume wangu alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na mtoto alikuwa kwa rafiki yake nyumba ya pili. Mechi za mchana za Amerika kwetu huwa saa moja jioni. Niliweka kompyuta juu ya meza ya chakula, na mama mkwe alikuwa upande wa pili akichambua maharage kwenye sinia. Mpiga mmoja akasimama na gongo lake, mrushaji akatupa mpira mara nne, na mara zote nne yule mpiga hakutikisika. Kisha akaweka gongo chini, akatembea taratibu hadi kituo cha kwanza.

Mama mkwe alikuwa ameacha maharage.

"Huyu anaenda wapi? Hakupiga kitu."

"Amepewa njia, Mama. Mrushaji akitupa mipira minne mibaya, na mpiga asiiguse, anapewa kituo cha kwanza bure."

"Minne mibaya?"

"Minne iliyopita nje ya pale inapotakiwa kupita."

"Na yee alijua ni mibaya?"

"Aliona."

Akatikisa kichwa polepole, macho bado kwenye kioo. "Alikatala," akasema. Kwao "kukataa" ni "kukatala", na kwa jinsi alivyolitamka neno lile lilikuwa na uzito. "Banamuletea kitu mubaya mara ine, anakatala, na banamupa njia."

Nilijua kwamba alikuwa ameuza vitenge sokoni Lubumbashi zaidi ya miaka thelathini. Sasa akaanza kunieleza, kwa mara ya kwanza tangu afike, kuhusu wachuuzi wa jumla waliokuwa wakimletea majora yenye rangi isiyodumu. Mwenye njaa ya kuuza hununua jora la kwanza analoletewa. Yeye alikuwa anagusa kitambaa, anakirudisha, anakaa. Analetewa la pili, anarudisha. Wenzake walimwona mjinga. Mwisho wa mwezi wateja walirudi kwake. Alizungumza robo saa nzima. Kisha akauliza:

"Kwa timu yako, nani anajua kukatala?"

Nikafungua orodha yangu ili nimjibu, nikaona aibu. Wachezaji wangu wote walikuwa watu wa kufyatua. Walipiga kila kilichopita mbele yao. Wakipata, wanapata kubwa, na wakikosa, wanakosa wiki nzima. Na ligi yetu inahesabu pointi hata kwa anayetembea kwenda kituo cha kwanza.

"Hakuna, Mama."

"Hakuna hata mumoja?" Akarudi kwenye maharage yake. "Njo maana unashindwa."

Wiki ile tukaanza kutafuta. Kuna orodha ya wachezaji ambao hakuna mtu aliyewachagua, na yeyote anaweza kuokota. Jioni, baada ya kuosha vyombo, nilimwonyesha vipande vya video, mpiga mmoja baada ya mwingine, naye akawa anawatazama miguuni na machoni. Hakujali sura wala umaarufu. Alimchagua mtu mfupi mnene wa kituo cha pili, ambaye ofisini walinicheka nilipomsajili. Akamchagua mwingine mrefu aliyekuwa akitafuna kitu muda wote kama mbuzi. "Huyu hana haraka," akasema. Katika wiki tatu tulipanda kutoka nafasi ya saba hadi ya nne. Dada wa mapokezi, aliyekuwa akiongoza ligi, alikuja mezani kwangu akiwa ameshika kiuno.

"Eish, wewe. Nani anakufundisha?"

"Mama mkwe."

"Usinitanie."

"Kweli."

Akaniangalia, akaondoka akitikisa kichwa. Tangu siku hiyo kila Jumatatu alikuwa ananiuliza mama mkwe anasemaje.

Mchezaji ambaye mama mkwe alimpenda kuliko wote, hata hivyo, hakuwa mpiga mzuri. Alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpiga na kuipokea mipira ya mrushaji. Alikuwa na umri mkubwa kwa kazi ile, ndevu zimeanza mvi, na kila aliposimama alijishika mapaja kwanza. Mama mkwe alipomwona mara ya kwanza alijishika goti lake mwenyewe.

"Anachuchumaa vile masaa ngapi?"

"Mechi nzima. Muda wa saa tatu."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Yesu." Akasogeza kiti karibu na kompyuta. "Mulete huyu. Miye ninamutaka huyu."

Nikamleta. Pointi zake zilikuwa za kuokoteza, lakini nafasi ya mdakaji ni moja tu, na wadakaji wengi hawana pointi nyingi, basi nikajiambia hasara si kubwa. Mama mkwe alikuwa ameanza mazoezi aliyopewa kliniki, kuinuka na kuketi akishikilia mgongo wa kiti, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, na alikuwa akiyakwepa. Sasa akawa anayafanya mechi ikiendelea. Mdakaji akichuchumaa, naye anashuka kadiri goti linavyoruhusu. Mdakaji akisimama, naye anasimama, na wote wawili, yeye na yule mzee wa Amerika, wanashusha pumzi. Baridi ya mwezi wa sita ilipokuja, ile baridi kavu ya Johannesburg inayopasua midomo, alijifunga blanketi kiunoni na kuendelea hivyo hivyo. Goti lilianza kukunjika. Miezi miwili ilipita, na hakuna aliyetaja safari.

Alianza kuniita "mama" tu, kama Wakongo wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu hata akiwa mdogo wao. Sikumbuki siku yenyewe. Nakumbuka tu kwamba maji yalikuwa yamekatika mtaani kwetu kwa siku tatu, nimetoka kupanga foleni kwenye lori la maji, nimepanda ngazi zote na ndoo mbili, na nilipofika juu alikuwa mlangoni. "Mama, pole," akasema, akanipokea ndoo moja. "Mutu yetu mufupi alitembea mara tatu leo." Nikaketi pale pale sakafuni nikacheka hadi machozi.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwezi wa nane ulipokaribia kwisha tulikuwa nafasi ya tatu, na mtoano ulikuwa wiki chache mbele. Nilikuwa nimeanza kuitamani ile kofia. Mdakaji wetu alikuwa hajapiga kitu kwa siku kumi na moja. Kwenye orodha ya wasiochukuliwa akatokea kijana mmoja, mdakaji mpya, ambaye kwa wiki moja alikuwa amevusha uzio mara tatu. Nilikuwa ofisini, saa ya chakula, mkate mkononi. Nikamwacha mzee, nikamchukua kijana. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili.

Jioni mama mkwe akauliza kuhusu mdakaji wake, kama kawaida yake, "Papa yetu iko sawa?"

Nikasema, "Yupo, Mama."

Kwa nini nilisema hivyo sijui vizuri hadi leo. Nilidhani namlinda asihuzunike. Na kesho yake, kwa kuwa jana nilisema yupo, ikabidi awepo tena. Ilikuwa rahisi. Mechi za timu ya mdakaji mzee nilizionyesha kama zamani, mama mkwe akawa anashuka na kusimama naye, mimi nikiwa nimekaa pembeni.

Jumapili ya pili ikatuumbua. Mwanawe alikuwepo siku hiyo, amejilaza kwenye kochi. Mdakaji mzee alisimama na gongo, akakataa mipira miwili, na wa tatu akaupiga. Ulipaa juu, ukazidi kupaa, ukaanguka kati ya watazamaji nyuma ya uzio. Mama mkwe alipiga vigelegele hivi kwamba jirani wa chini aligonga dari. Alicheza. Kwa lile goti, alicheza kuzunguka meza, amelishika blanketi juu ya kichwa.

"Pointi ngapi? Mama, pointi ngapi?"

Nikaigeuza simu kifudifudi mezani. Akaacha kucheza.

"Mama. Fungua hiyo simu. Onyesha."

Nikafungua. Alikuwa amekwisha kujifunza kuusoma ule ukurasa, anajua mdakaji anakaa mstari wa kwanza. Akaiona sura ya kijana. Kisha nikamwonyesha, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine, mzee alikokuwa: kwenye timu ya bosi. Bosi alikuwa amemwokota siku tatu tu baada yangu kumwacha.

"Ulimufukuza lini?"

"Wiki mbili, Mama."

"Wiki mbili." Alikaa chini. "Na kila jioni nilikuuliza."

"Nilijua ungesikitika."

"Ulinipiga bongo kila jioni." Bongo kwao ni uongo. Hakuinua sauti. Akakunja blanketi vizuri, pande nne, akaliweka kwenye kiti, akaenda chumbani.

Mume wangu aliinuka kwenye kochi. "Mmegombana? Kwa ajili ya Mmarekani ambaye hamjawahi kumwona?"

"Nyamaza," nikamwambia, na alinyamaza, kwa kuwa aliona uso wangu.

Siku mbili hakunisemesha. Alitoka asubuhi kwenda kwenye maombi ya akina mama, akarudi, akala, akalala. Siku ya tatu niliomba ruhusa nikarudi nyumbani mapema. Nilimkuta sebuleni, amekaa na mguu wake kwenye stuli. Nikaketi chini, mkekani, kama nilivyofundishwa kwetu kuomba msamaha, nikasema nimekosa. Si kwa kumwacha mchezaji. Kwa kusema yupo.

Aliushusha mguu kwenye stuli. Kisha akaanza kunisimulia kuhusu mama mkwe wake yeye, mwanamke mpole sana, ambaye kwa miaka sita alimkubalia kila kitu. Alikubali biashara ya vitenge, akakubali watoto wasomee shule ya mjini, akakubali yote huku akitabasamu, na kila alichokikubali alikwenda kukipinga kwa mwanawe kwa siri. "Miaka sita sikujua niko wapi na yee," akasema. "Sikupata fasi ya kumujibu. Mutu akikuambia hapana, unaweza kumujibu. Unaweza hata kumutukana, kisha munakula."

"Nimeelewa, Mama."

"Hujaelewa bado. Kila kitu unaniambia ndiyo. Unga, ndiyo. Dirisha, ndiyo. Na dirisha iko wazi." Tukatazama dirisha sote wawili. Lilikuwa wazi. "Unafikiri siko naona?"

Nilianza kucheka kwa aibu, naye akajizuia, akashindwa. Akaniambia niinuke mkekani nisipate baridi. Jioni ile, alipotaka nimfungie mtoto kitambaa cha sufi kwenda shule kesho yake, nikasema hapana, wenzake watamcheka. Tulibishana nusu saa, sauti juu, mume wangu akituangalia kwa hofu kutoka jikoni. Mtoto alienda bila kitambaa. Asubuhi yake mama mkwe alinibandikia chai mwenyewe.

Mdakaji hakurudi. Nilikwenda kwa bosi kumwomba tubadilishane, nikamweleza kisa chote, hadi dirisha. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, akasema haiwezekani, kwa kuwa nusu fainali alikuwa anakutana na mimi.

Wiki ya nusu fainali mzee hakucheza hata mchezo mmoja. Aliumia kidole gumba mazoezini siku ya kwanza, akakaa benchi na mkono umefungwa. Kijana wangu naye alirudi kuwa mtu wa kawaida. Tulifungwa kwa sababu mrushaji wetu tegemeo alipigwa vibaya siku ya mwisho, jambo ambalo wala mimi wala mama mkwe tusingeweza kulizuia. Alipopata habari hakuuliza matokeo kwanza. Aliuliza kidole.

Bosi alishinda fainali, akairudisha kofia kichwani mwake. Labda kwa kujisikia vibaya, mwezi wa kumi alitualika. Kusini mwa jiji kuna viwanja vya besiboli ya wenyeji, watu wa kazi zao wanaocheza Jumamosi, na yeye huenda kutazama. Alitupitia na gari lake. Mama mkwe alivaa kitenge chake cha bei, kile cha harusi na mazishi, na kilemba, na pochi mkononi. Wengine wote pale walikuwa na kaptura. Alipewa kiti cha plastiki nyuma kabisa ya waya, mahali pazuri kuliko pote, umbali wa hatua chache kutoka kwa mdakaji.

Alikuwa hajawahi kuisikia besiboli yenyewe. Kwenye kompyuta sauti ni ya watangazaji. Pale mrushaji alipotupa mpira wa kwanza na ukapiga ngozi ya glovu, paa, alishtuka akanishika mkono, na mkono huo hakuuachia mzunguko wote wa kwanza.

"Inaumiza," akasema. "Sikujua inaumiza."

Mdakaji wa timu ya nyumbani alikuwa fundi bomba, mtu mkubwa mwenye ndevu zilizokuwa nyekundu kwa vumbi, na magoti yake yalikuwa yakilia kila anaposimama. Sisi tuliyasikia. Mechi ilipokwisha mama mkwe aliinuka, akazunguka waya, akamwendea. Nikakimbia nyuma yake kutafsiri.

"Mwambie magoti yake anayaharibu."

Nikamwambia kwa Kiingereza. Yule bwana akavua barakoa yake ya chuma. "Eish, gogo, najua," akasema.

"Gogo ni nini?"

"Bibi. Anakuita bibi."

"Sawa. Mwambie ashike waya."

Akashika waya. Mama mkwe akamkabidhi bosi pochi, akashika waya pia, na wakaanza kushuka pamoja, yule fundi na nguo zake za ulinzi, yeye na kilemba chake, polepole, mgongo wima, kisigino kisiinuke. "Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni," nikatafsiri. Wachezaji wengine wakasogea kutazama. Mmoja akashika waya naye. Katika kuinuka mara ya saba nilimwona mama mkwe hashikilii tena kwa nguvu, vidole vimegusa tu.

Aliondoka mwezi wa kumi na moja. Kwenye kituo cha mabasi alimkumbatia mjukuu wake kwa muda mrefu, akampa mwanawe maagizo kuhusu kibanda chake, na mimi akanishika uso kwa mikono miwili. Hakusema kitu cha kukumbukwa. Aliniambia niangalie yule mrushaji, kiwiko chake hakikumpendeza.

Mwaka huu ana timu yake mwenyewe. Bosi alimkubali mara moja. Lakini naye angekuwa wa tisa, na ligi ya watu tisa haipangiki, ikabidi mume wangu aingie awe wa kumi. Mama mkwe ananitumia sauti kwenye simu kutoka Lubumbashi, wa kumweka na wa kumtoa, nami nambonyezea kama alivyosema, hata wiki tunayopambana mimi na yeye. Alinifunga wiki ile. Yuko wa pili. Mimi ni wa nne. Mume wangu anashika mkia, na anasema ni kwa sababu ana kazi.

Jumamosi iliyopita alirudi kutoka kibandani, futi ya kupimia bado shingoni, akiwa na simu mkononi na uso wa mtu aliyepata barua ya serikali.

"Mama ananiomba tubadilishane wachezaji. Anataka mrushaji wangu mkubwa. Ananipa watu wawili."

"Watu wawili gani?"

Akanionyesha ombi lenyewe; safari hii mama mkwe alikuwa amebonyeza mwenyewe. Mmoja alikuwa amevunjika mkono na harudi msimu huu. Wa pili alikuwa amerudishwa ligi ya chini wiki hiyo hiyo.

"Umewaangalia hawa?"

"Wawili kwa mmoja," akasema mume wangu. "Na ni mama yangu mzazi."

"Basi fanya unavyoona."

Akabonyeza kukubali. Haikupita dakika, simu yangu ikaita kutoka Lubumbashi, na kabla sijasema haloo nilimsikia anacheka.